Punje ya Njano: Wa Mwisho Kuokota Hapunjwi

(Hotuba kwa wanakikundi wa upatu na watoto wao, Hombolo, Dodoma, asubuhi ya siku ya kuokota namba za zamu.)

Mbukwenyi!

Mama Mwenyekiti, kijumbe wetu, mama zangu na dada zangu, na ninyi vijana wa kidato cha nne mliokaa kule nyuma kivulini, asanteni kwa kunipa nafasi kabla hamjaokota. Kijumbe alinipigia simu wiki iliyopita akasema, "Mwalimu, mwaka jana nusura tushikane mashati. Kila mtu anataka awe wa kwanza kuokota. Njoo utuambie nani aanze." Nimekuja, na jibu langu ni hili: aanze yeyote. Ila najua jibu hilo peke yake halimalizi ugomvi, maana kila mmoja hapa moyoni ana hesabu yake. Wapo wanaoamini wa kwanza ana bahati kuliko wote, wapo wanaosubiri karatasi zipungue ndipo wanyooshe mkono. Nipeni muda niwaonyeshe. Nimekuja na kibuyu na punje za mahindi, kwa sababu jambo hili lilinifikia kwa kibuyu miaka mingi kabla halijanifikia kwa kitabu.

Mwaka 1979 mama yangu alikuwa kwenye upatu wa wanawake 8. Wengi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo karatasi zenye namba zisingewasaidia. Walitumia kibuyu chenye mdomo mwembamba. Ndani walitia punje 7 za mahindi meupe na punje 1 ya njano, zote za ukubwa mmoja. Kibuyu kinatikiswa, unakiinamisha, punje moja inadondoka kiganjani mwako. Ukiangukiwa na ile ya njano, wewe ndiye wa kwanza kupokea mwaka huo. Punje ikishatoka hairudi ndani. Unakaa nayo mkononi, kibuyu kinakwenda kwa mwenzako.

Mama alitaka mabati. Tulikuwa tunakaa kwenye tembe, na wazee hapa wanajua paa la tembe likichoka linavyokuwa: mvua za Desemba zikianza, tope linadondoka kwenye mkeka usiku kucha. Kila siku ya kibuyu mama alikuwa anatoka nyumbani alfajiri ili awe wa kwanza. Mwaka huo mdogo wangu alishikwa na homa kali usiku. Mama akambeba mgongoni hadi zahanati, na alipofika kwenye kibuyu jua lilikuwa limeshapanda. Ya njano alishaipata mwanamke wa tatu. Kibuyuni ilikuwa imebaki punje moja tu, yake, na ilikuwa nyeupe.

Kuanzia siku ile mama alikuwa na neno lake. "Ningewahi, ningeezeka." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anavyosema "mvua imechelewa". Lakini mdogo wangu alilisikia, na alikuwa na akili za kutosha kujua kilichomchelewesha mama. Mvua ikinyesha, mtoto yule alikuwa anasogea kwenye kona penye maji, kana kwamba yeye ndiye aliyelitoboa paa.

Miaka 7 baadaye nilikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mhadhiri aliandika ubaoni swali la mfuko wenye mipira ya rangi mbili, inatolewa mmoja mmoja bila kurudishwa. Wenzangu waliona mipira. Mimi niliona kibuyu cha mama. Nililikokotoa swali lile usiku kucha, nikalirudia kesho yake kwa kuwa sikuliamini jibu, na likizo ilipofika nilipanda treni kuja Dodoma nikiwa na jambo moja tu la kumwambia mama. Ndilo nitakalowaambia ninyi sasa.

Tazameni kibuyu. Punje 8, ya njano 1. Wa kwanza ana nafasi 1 kati ya 8. Hapo hatubishani.

Wa pili je? Hapa ndipo watu huanza kugawanyika. Mmoja anasema wa pili ana nafasi nzuri zaidi, maana punje zimebaki 7, ni 1 kati ya 7. Mwingine anasema hapana, wa pili yuko vibaya, maana ya njano huenda imeshaondoka. Wote wawili wameona kitu cha kweli, ila kila mmoja amekamata upande wake. Ili wa pili aipate ya njano, lazima mambo mawili yatokee kwa pamoja: wa kwanza aikose, kisha wa pili aipate. Wa kwanza kuikosa ni 7/8. Akiikosa, zimebaki punje 7 na ya njano bado imo, kwa hiyo wa pili kuipata ni 1/7. Mambo yanayotakiwa yatokee yote, la kwanza na la pili, tunayazidisha. 7/8 mara 1/7. Saba ya juu na saba ya chini zinakatana, inabaki 1/8.

Ni ile ile ya wa kwanza. Punje kupungua kulimwongezea wa pili, na hatari ya ya njano kuondoka ilimpunguzia, na vyote viwili vimelingana barabara, hakikuzidi hata chembe.

Wa tatu: wa kwanza akose, wa pili akose, yeye apate. 7/8 mara 6/7 mara 1/6. Saba zinakatana, sita zinakatana, inabaki 1/8. Vijana, endeleeni kwenye madaftari yenu hadi wa nane, yule ambaye wote saba waliomtangulia lazima wakose. Mtaandika mstari mrefu wa namba, 7/8, 6/7, 5/6, hivyo hivyo hadi 1/2, na kila namba ya chini itaikata ya juu inayoitangulia. Mwishoni mtabaki na 1/8. Nawaomba msiniamini kwa maneno. Andikeni.

Na kwa mama zangu ambao sehemu zinawachosha, iko njia nyingine, na mimi naipenda zaidi. Tikiseni kibuyu, kisha badala ya kudondosha punje moja moja, mimineni zote kwenye mfereji huu mdogo niliouchora ardhini. Zimejipanga mstari, ya kwanza hadi ya nane. Ya njano iko wapi? Inaweza kuwa popote. Mtikiso haujui kichwa cha mstari wala mkia wake, kwa hiyo hauna sababu ya kuipeleka ya njano mbele kuliko nyuma. Sasa, kudondosha punje moja, ukampa mwenzako kibuyu, akadondosha moja, ni nini kama si kumimina mstari ule ule polepole?

Nilimwonyesha mama hivyo, uani, kwa kibuyu kile kile. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo hata ningewahi?" Nikamwambia, "Mama, hata ungelala pale pale kwenye kibuyu, nafasi yako ilikuwa moja kati ya nane." Hakunijibu. Alimwita mdogo wangu, akamkabidhi kibuyu, wakadondosha punje wao wawili mpaka giza likaingia, wakiandika kwa mkaa ukutani kila mara ya njano ilipotokea mwanzo, katikati au mwisho. Neno la msamaha halikusemwa. Ila ile "ningewahi" sikuisikia tena nyumbani kwetu.

Sasa tuje kwenu. Ninyi mko 12, karatasi zina namba 1 hadi 12, na kijumbe ameniambia kila mtu anazitaka namba 3 za mwanzo, kwa sababu zinaangukia wakati wa mbegu na sare za shule, na wenye mizabibu wanataka hela ya kupogolea na samadi. Basi karatasi nzuri ni 3, zilizobaki ni 9. Wa kwanza ana 3/12, yaani robo.

Kwa wa pili tufanye hivi. Tuseme mmeokota mara 132, miaka 132, watoto na wajukuu wameendeleza upatu huu. Robo ya miaka hiyo, yaani 33, wa kwanza anapata karatasi nzuri. Miaka 99 anakosa. Katika ile 33 aliyopata, zimebaki karatasi 11 na nzuri ni 2, kwa hiyo wa pili anapata mara 6. Katika ile 99 aliyokosa, zimebaki 11 na nzuri bado ni 3, kwa hiyo wa pili anapata mara 27. Sita na ishirini na saba ni 33. Robo ile ile. Hapa tumejumlisha, maana ni njia mbili tofauti za kufikia jambo moja, ama hii ama ile.

Lakini nisiwadanganye kwa kuwaambia nusu ya ukweli. Yote niliyosema ni kabla hujajua kilichotokea. Wa kwanza akifungua karatasi yake hapa mbele yenu, ikawa namba 1, papo hapo nafasi ya wa pili imeshuka kutoka 3/12 hadi 2/11, kutoka asilimia 25 hadi kama 18. Akifungua ikawa namba 9, nafasi ya wa pili imepanda hadi 3/11, asilimia 27 hivi. Kibuyu hakijabadilika ghafla. Kilichobadilika ni kile unachokijua kuhusu kibuyu. Na mwaka jana, kwa jinsi nilivyosimuliwa, ugomvi ulianzia hapo: karatasi zilikuwa zinafunguliwa moja moja, watu wanahesabu zilizobaki, mmoja anasema "zimebaki mbili nzuri, nipisheni sasa", mwingine anasema zamu ni yangu. Kwa hiyo leo naomba kitu kimoja. Kila mtu aokote, akunje ngumi, asifungue. Wote kumi na wawili wakiwa na karatasi mkononi, ndipo tufungue kwa pamoja.

Kibuyu kina kumbukumbu. Ukitoa kitu bila kukirudisha, kinachobaki kimebeba habari ya kilichotoka. Shilingi haina kumbukumbu. Zamani tulikuwa tunarusha, kichwa au mwenge. Imeangukia kichwa mara tano mfululizo. Mara ya sita nafasi ya mwenge ni ngapi? Nusu. Shilingi haidaiwi na mtu. Hili nawaambia ninyi vijana kwa uchungu, kwa sababu nawaona mnavyosimama kwenye zile mashine za kamari za kutumbukiza sarafu. "Imekula sana, lazima iteme." Nani kakwambia? Unaifanya mashine kama kibuyu cha mama, ukidhani kila ulipokosa umetoa punje nyeupe na ya njano sasa imekaribia. Mashine ile kila ukibonyeza punje zote zimesharudishwa ndani. Nafasi yako ya kumi ni sawa na ya kwanza, na kilichopungua ni mfuko wako. Na dada zangu, mama aliyezaa wasichana wanne, msimwambie wa tano lazima awe mvulana. Tumbo si kibuyu. Kila mimba inaanza upya, karibu nusu kwa nusu.

Hata wakubwa wa elimu hii swali la kurudisha au kutorudisha liliwasumbua. Mwaka 1657 Mholanzi Christiaan Huygens alichapisha kijitabu cha hesabu za michezo ya bahati, na mwishoni aliwaachia wasomaji maswali matano. Moja lilikuwa hili: watu watatu, vipande 12, vyeupe 4 na vyeusi 8. Wanachukua kwa zamu macho yakiwa yamefungwa, na wa kwanza kutoa cheupe ndiye mshindi. Jakob Bernoulli, Mswisi aliyefariki mwaka 1705 na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1713, aliona kwamba swali lile linajibika kwa zaidi ya namna moja. Kama kipande kinarudishwa kila mara, nafasi za watatu ni kama 9 kwa 6 kwa 4. Kama hakirudishwi, ni kama 77 kwa 53 kwa 35.

Mwenye macho ameshanikamata hapo. Mbona kwa Huygens wa kwanza ana nafasi kubwa kuliko wa mwisho, hata bila kurudisha? Kwa sababu ule ni mbio. Vyeupe viko vinne, na mchezo unakufa mara cheupe cha kwanza kinapotokea. Wa tatu anaweza asiguse kabisa. Upatu wenu si mbio. Kila mmoja ana karatasi yake na ataipata tu. Siku mkikutana na mchezo wenye zaidi ya punje moja ya njano, unaokoma anapotokea wa kwanza kufanikiwa, hapo gombaneni kwa nguvu zote, kuwa wa kwanza kuna maana.

Nina jambo la magunia, halafu nitakaa.

Miaka michache iliyopita mimi na wenzangu watatu tulichanga tukanunua magunia 20 ya mahindi. Muuzaji alichomoa bambo mbele yetu. Wote mnalijua bambo, kile chuma chenye mfereji, kinachomwa gunia tumboni, mahindi yanateremka mkononi. Tulichagua magunia 4 tuliyoyataka wenyewe. Punje zilikuwa safi, ngumu, ukiuma zinalia. Tukalipa. Nyumbani, magunia 3 yalikuwa yamebunguliwa na dumuzi, unga mtupu chini ya gunia. Mwenzetu mmoja alisema tumechezewa, magunia yamebadilishwa njiani. Nikakaa nikahesabu. Magunia 20, mabovu 3. La kwanza tulilochoma kuwa zima ni 17/20. La pili 16/19, kwa kuwa moja zima limeshatoka kwenye hesabu. La tatu 15/18, la nne 14/17. Ukizidisha yote unapata 28/57, kama asilimia 49. Yaani tulikuwa na nafasi karibu nusu ya kuchoma magunia manne na kutoliona hata bovu moja, na hakuna mtu aliyehitaji kutuibia. Tungechoma magunia 10, nafasi ya kudanganyika ingeshuka hadi 2/19, kama mara moja katika mara kumi. Yule mwenzetu nilimwambia namba hizo, na tuliacha kumlaumu mtu tusiyekuwa na ushahidi naye.

Na usirudie gunia ulilokwisha kulichoma. Inaonekana jambo dogo, lakini anayechagua ovyo, akarudi bila kujua kwenye gunia lile lile, nafasi yake ya kutoliona bovu kwa michomo minne inafika asilimia 52. Weka chaki kwenye kila gunia ulilopima, uende kwenye jingine. Ikiwa ni ghala zima lenye magunia 3,000, kurudia au kutorudia hakutaonekana kwenye hesabu. Kwenye magunia 20 kunaonekana.

Kuna ubaya mwingine ambao bambo na jicho haviuoni. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu katika mikoa hii yetu ya Dodoma na Manyara, na ilikuwa kwenye mahindi ya nyumbani. Kupika hakuiondoi. Inaweza kuwa gunia hili halina kitu na la pembeni yake limejaa, hata ndani ya gunia moja ikawa kona hii na si kona ile. Kwa hiyo mnaposikia wapimaji wanataka sampuli kutoka magunia mengi, kidogo juu, kidogo katikati, kidogo chini, msione wanawasumbua. Wanapunguza ile nafasi yangu ya asilimia 49 ya kutoliona gunia bovu. Wapeni.

Haya, tuokote. Lakini kwanza, kijumbe, samahani, niliziangalia karatasi zako ulipokuwa unapokea wageni. Umezikata kwa rula kutoka daftari moja, vizuri sana. Ila tatu umezikunja mara tatu, na tisa umezikunja mara mbili. Sisemi kuna nia mbaya, najua ulikuwa unaharakisha chai. Lakini kidole hakihitaji macho. Hesabu yote niliyoifanya tangu asubuhi imesimama juu ya jambo moja, kwamba mkono ndani ya kibuyu hauwezi kutofautisha karatasi na karatasi. Mkitaka kugombana, gombaneni kwa hilo, msigombanie foleni. Tuzifungue zote, tuzikunje upya mara mbili mbele ya watu wote, vijana wawili wazitikise.

Na naona mko 11. Mama Mwenyekiti ameniambia mwenzenu wa 12 yuko zahanati na mtoto tangu usiku. Nimesikia mtu pale anasema akose zamu au apewe namba ya mwisho. Hapana. Wote 11 okoteni. Karatasi itakayobaki kibuyuni ni yake, na ni nzuri sawa na zenu. Isifunguliwe na mtu. Mwenyekiti atampigia simu, aweke sauti kubwa, tumsomee akisikia. Kisha mwambieni akae na mtoto, asiwe na haraka.